Shoka Lililokazwa

Kwenye stoo ya vielelezo ya mahakama, mashoka yalikuwa na rafu yao peke yao. Mtunza stoo, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa kuwa zamani alikuwa seremala, aliyapanga kwa miaka. La kwanza kushoto: mtu na mdogo wake, mpaka wa shamba. La pili: mke aliyechoka kupigwa. La tatu: mlinzi na bosi wake. Yalifika ishirini na sita, kila moja na lebo yake ya kadibodi.

“Bunduki inataka kibali, sumu inataka akili,” aliwaambia makarani. “Shoka lenyewe lipo tu nyuma ya mlango, linasubiri mwenyewe akasirike.”

“Ukistaafu ufungue duka, Fundi. Mali unayo,” karani mmoja alimtania.

“Chekeni. Lakini kwangu kitu hakilali kikiwa kimelegea.”

Asubuhi ya kesi ya shoka la ishirini na sita, wakili wa utetezi aliingia stoo kulikagua. Alifuatana na dada wa mshtakiwa, mwanamke wa makamo ambaye viatu vilimpwaya.

“Kaka yangu alikuwa anapasua kuni,” dada alimwambia Fundi. “Jirani alikuwa amesimama kwenye uzio. Kichwa cha shoka kikachomoka, kikampata hapa.” Aligusa shingo. “Jana yake waligombana, ndiyo maana hakuna anayetuamini. Lakini shoka lenyewe litasema. Litikise, baba, utalisikia.”

Fundi hakulitikisa. Wakili alilichukua, akalitikisa, akaligonga kwenye meza. Kimya.

“Ndilo hili?”

“Ndilo.”

“Mbona limekaza?”

“Nililikaza mimi.”

Miezi minane nyuma, siku polisi walipolileta, kichwa kilidondoka nusura kimvunje kidole cha mguu. Alikirudisha kwenye mpini, akachonga kabari ya mti mgumu, akaigongelea, kisha akaliloweka kwenye ndoo ya maji siku mbili mpaka mti ukavimba. Aliifanya kazi ile huku anapiga mluzi.

“Kwa nini, baba?” dada aliuliza.

“Lilikuwa linacheza.”

Wakili alikaa juu ya kreti. “Utayasema haya mbele ya jaji?”

“Hata sasa hivi.”

Na aliyasema. Alisimama kizimbani, mikono nyuma, akaeleza kabari, ndoo, siku mbili. Askari aliyelipeleka shoka stoo alikuwa ameshasema kwamba hakumbuki kama lililegea. Mwendesha mashtaka alilifungua daftari la stoo taratibu.

“Siku ya kulipokea uliandika, ‘Shoka moja, lenye mpini.’ Kulegea kuko wapi?”

“Sikuandika.”

“Na kabari?”

“Ile ni kazi ya mkono tu, mheshimiwa. Haiandikwi.”

“Mangapi mengine umeyakaza?”

Fundi alifikiri. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. “Karibu yote.”

“Na leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, uliongea na nani?”

“Wakili. Na dada wa mshtakiwa.”

Watu kwenye mabenchi waliguna. Mwendesha mashtaka alikaa, hakuwa na swali jingine.

“Mheshimiwa Jaji, ing’oeni ile kabari,” Fundi alisema. “Mtaona ni mpya kuliko mpini.”

“Upya wa kabari hautanieleza imewekwa na nani, wala lini,” jaji alijibu. Aliomba shoka, akalipunga mara tatu hewani. Lilitulia mkononi mwake kama limezaliwa na ule mpini. Mshtakiwa alilitazama lile shoka lake kama mtu anayeoneshwa mali ya mwingine.

Hukumu ilisomwa kabla ya saa saba mchana. Kunyongwa.

Dada alimkuta Fundi kwenye korido, ameegemea ukuta. Hakumtukana. Pengine angemtukana ingekuwa nafuu.

“Siku ile kichwa kilipodondoka, hukujiuliza chochote?”

“Nilijiuliza.”

“Ulijiuliza nini?”

Fundi alimjibu ukweli, kwa sababu ndio pekee uliobaki wa kumpa. “Nitapata wapi mti mgumu.”

Dada aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Halafu akamuuliza nguo za mfungwa zinapokelewa mlango gani.