Mwalimu Aliyekwenda Kusahihisha Jiwe

Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu alikuwa akifundisha shairi la yule mtunzi marehemu. Halikuwamo kwenye vitabu vya shule, kwa hiyo alilisomesha kutoka daftari lake la zamani. Mnara wa kumbukumbu ya mtunzi, pale nyuma ya maktaba ya jiji, hakuwahi kuutia machoni. Jumamosi moja akaenda na mdogo wake, fundi cherehani aliyewahi kupita darasani kwake, na njia nzima akamjaza masikio kwa habari za shairi hilo.

Walipofika akavaa miwani, akasoma mstari uliochongwa kwenye jiwe, akaguna.

"Wamekosea. Wameandika 'Nimelia kwa mwangaza, nikacheka kwenye giza.' Ni 'nimelala'. Mtu analala mchana kweupe. Huo ndio usingizi wa taifa."

Akachomoa kalamu nyekundu, sijui alitaka kulifanyia nini jiwe, akamfuata msimamizi wa mnara, mama mmoja aliyekuwa akifuta vumbi kwenye kabati la vioo katika chumba cha kando.

"Mama, jiwe lenu lina kosa."

Yule mama hakubishana. Akamsogeza kabatini, akamwonyesha karatasi yenye mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Nimelia. Herufi zimekaa wazi, hazina utata.

Mwalimu akahesabu mizani ya kipande cha kwanza kwa vidole, akiomba mtunzi apungukiwe. Nane. Akahesabu na zake. Nane vilevile. Ndipo alipokumbuka kwamba shairi alilinakili kutoka ubaoni akiwa mwanafunzi, kiti cha nyuma kabisa, kabla hajapata miwani. Usingizi wa taifa ulikuwa wake peke yake.

"Kaka," mdogo wake akasema taratibu, "kwenye mtihani wako mimi niliandika 'nimelia'. Nilidhani umetamka vibaya, maana kucheka huendana na kulia. Ukanikata alama nne."

"Nikakukata?"

"Ukaandika pembeni, 'Soma kwa makini.'"

Mwalimu akairudisha kalamu mfukoni kwa haya. Kisha kicheko kikamshika, akajicheka mpaka akaegemea ukuta, na msimamizi akamletea kiti akidhani amezidiwa.

Jumatatu akafuta neno moja ubaoni, akaandika jingine, akawasimulia wanafunzi kisa chote bila kujificha.

Wakacheka hadi wakatosheka. Kisha binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Sasa mwalimu, mchana kweupe alikuwa akilia nini?"

Mwalimu akafungua mdomo kwa mazoea, akaufunga.

"Sijui," akasema. "Tusome."