Karatasi Juu ya Ufa

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akanisifu bure baadaye.

Nilipoingia chuo kikuu, nilitupwa darasa la historia ya Roma ya kale kwa sababu lile nililotaka lilikuwa limejaa. Nilidhani ni mambo ya wafalme waliojifunga mashuka. Jumanne moja mwalimu wetu, Dokta Kimanzi, akatuonyesha picha za magofu ya nyumba za kupanga. Kumbe Roma nayo ilikuwa na ploti! Orofa tano, sita, maskini wamerundikwa juu kabisa, maji yanaishia chini. Wenye nyumba waliongeza orofa juu ya kuta nyembamba, na ukuta ukipasuka walipaka plasta wakatafuta wapangaji wengine. Nyumba zilianguka watu wakiwa ndani. Darasa zima likacheka, maana kila mtu alimkumbuka landilodi wake. Mimi pia nilicheka.

"Kazi yenu," Dokta akasema, "ni kulinganisha nyumba ya Kirumi na ile unayolala. Usininakilie kitabu. Nenda ukapime."

Sisi tunaishi Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, orofa ya pili katika jengo la Mzee Mburu. Tulihamia miaka miwili iliyopita kutoka Kianda, kule Kibera, na hadi leo mama yangu, Jael, hutamka "nyumba ya mawe" kama mtu anayetaja cheo chake. Kianda kuta zilikuwa za udongo na paa la mabati; zikikuangukia, pengine unajipangusa na kusimama. Hapa juu ya vichwa vyetu kuna orofa tatu za zege, na Mburu alikuwa anajenga ya sita.

Nikasogeza kabati ili nipime ukuta. Nyuma yake kulikuwa na ufa, umeshuka kutoka darini hadi sakafuni, kidole changu cha mwisho kinaingia. Mimi ni binti wa fundi, nilijua la kufanya. Nilikata ukanda wa karatasi kwenye daftari la Roma, nikaubandika kwa gundi uvuke ule ufa, nikaandika tarehe. Ukuta ukisogea, karatasi huchanika.

Alhamisi ilikuwa imechanika. Nikabandika nyingine, Ijumaa nayo ikawa imechanika. Jumamosi asubuhi nikabandika ya tatu, na kabla chai haijapoa ikapasuka mbele ya macho yangu, polepole, bila sauti. Nikakimbilia mlango, ukakataa kufunguka, fremu imebanwa na ukuta. Tuliuvuta mimi na mama mpaka ukaachia kwa kishindo.

"Mama, tutoke."

"Tuende wapi? Hiyo Roma yako imekuingia kwa kichwa," akasema, lakini macho yake hayakutoka mlangoni. "Enda uongee na mwenye nyumba."

Mzee Mburu alikuwa chini kwenye ngazi akiwaelekeza wapandisha simenti. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alitabasamu.

"Niaje, msomi Seline? Nyumba mpya lazima ikae, hiyo ni kawaida. Na si fundi wa hiyo ukuta ni babako? Muulize."

Nilipanda ngazi hadi juu. Baba yangu, Osewe, alikuwa peke yake akichanganya mota ya mchanga na simenti. Nikamweleza habari ya karatasi zangu tatu. Hakuuliza ni ufa gani.

"Hiyo crack nimeziba mara nne," akasema, bila kuniangalia. "Hii nyumba ilipimiwa orofa tatu, nyathina, mtoto wangu."

"Na bado unaijenga?"

"Mburu alitupatia nyumba kwa sababu ya kazi ya hii mkono yangu. Nikifungua mdomo, kesho tuko nje."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye tu."

Hapo nilimwogopa baba yangu kuliko nilivyoogopa ukuta. Nililia, na sioni haya kusema. "Baba, jirani yetu Muthoni yuko hapo orofa ya tatu. Saa hii analaza mtoto."

Uso wake ukabadilika. Akatupa mwiko, akaokota nyundo, akaanza kushuka akigonga kila mlango. "Tokeni! Tokeni nje, haraka!"

Walitoka na watoto, na majiko, mmoja na televisheni kifuani, wakitukana mpaka barabarani. Mama alikuwa ameshatoka. Mburu akapaza sauti.

"Nani amewadanganya nyumba ni mbaya? Fundi si huyu hapa? Osewe, waambie kama ukuta uko sawa, watu warudi kwao."

Wote wakamgeukia baba. Nilijua akisema uko sawa watarudi ndani, kwa kuwa kila mmoja alitaka kusikia hivyo. Hata mimi, Mungu anisamehe, sehemu yangu moja ilitaka kusikia hivyo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Hauko sawa," baba akasema. "Mimi ndiye nimekuwa nikiwafichia."

Muthoni alikuwa amemlaza mtoto begani. "Tangu lini, Baba Seline?"

Baba akamtazama yule mtoto. "Kabla hajazaliwa."

Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, mbali na ukuta na mbali na sisi wawili. Mama yangu alisogea pamoja nao.