Mabishano ya Radi Kavu

Fundi redio alianguka dukani kwake akiwa ameshika chuma cha kulehemu, na tangu siku hiyo hakusema neno. Mtaani walimwita Besi, kwa sababu ya gitaa la besi alilolipenda kuliko chakula, na hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza akiwa macho. Sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, akimtazama mkewe anavyohangaika.

Daktari alimweleza mke, ambaye watu walimwita Mama Pacha, kwamba damu ilikuwa imeziba upande wa kichwa unaotunza maneno. "Anakusikia," alisema. "Mengine anayaelewa, mengine yanampita. Mzungumzie mambo anayoyapenda. Likirudi neno moja, huenda mengine yakafuata."

Mama Pacha alirudi nyumbani akiwa ameikamata ile "huenda" kwa mikono miwili. Aliwapigia simu pacha wao, walioolewa mbali, akamwekea baba yao simu sikioni. Alimkumbusha harusi yao, jinsi suruali yake ilivyopasuka akiinama kukata keki. Hakuna kitu. Ukimuuliza swali, Besi alikubali kwa kichwa. Unataka chai, alikubali. Hutaki chai, alikubali. Siku moja, kwa uchungu tu, Mama Pacha alimuuliza kama yeye ni mwanamke. Akakubali vilevile, macho yake yakimwomba amwonee huruma. Mama Pacha alikwenda jikoni akaufunika uso kwa aproni.

Alikuwa mpishi wa shule. Alitoka alfajiri, akamwacha mumewe na jirani, akarudi mbio na harufu ya moshi nguoni. Siku moja alimkuta ameanguka katikati ya kiti na ukuta, shavu sakafuni, machozi yanamtoka bila sauti. Jirani alikuwa ametoka tu kuanika nguo, akajisahau kwenye maongezi. Habari hiyo ilifika kwa wifi yake kabla hata Mama Pacha hajampangusa mumewe vumbi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa Besi, mwenye duka la vitambaa katika mji mwingine, mtu wa maneno machache na yasiyorudi nyuma.

"Sikulaumu, wifi," alisema kwenye simu. "Lakini ndugu yangu hawezi kuokotwa chini kama shuka. Jumapili nakuja na gari. Kwangu watu wamejaa nyumba, hatakosa wa kumwangalia."

"Ni mume wangu, wifi."

"Na mimi nimenyonya ziwa moja naye."

"Mwenyewe mbona hajaulizwa?"

"Akiniambia kwa mdomo wake kwamba anataka kubaki, sitamgusa."

Alilisema ili kufunga mazungumzo. Mama Pacha hakulichukua hivyo. Aliijua nyumba ile: Besi angepewa chumba cha nyuma, angeogeshwa, angelishwa, na watu wangepita mlangoni wakimsalimia kwa sauti ya kumsalimia mtoto mchanga. Naye asingeweza kumfuata. Akiacha jiko la shule, hawana kingine. Ilikuwa Jumatano. Alivua aproni, akaenda moja kwa moja kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa rafiki wa mumewe, na pia adui yake mpenzi. Kila Jumamosi mchana, kwa miaka mingi, wanaume hawa wawili walikutana kwenye duka la redio pamoja na Mwalimu, mzee mstaafu wa jiografia, wakabishana juu ya wimbo mmoja. Uliitwa Radi Kavu. Bendi yenyewe ya roki ilikuwa imesambaratika zamani, wanamuziki wake wote wamekufa, na hakuna aliyeacha maelezo. Wimbo ulianza na mlio mzito, mmm, kama kitu kinachojikusanya, halafu gitaa likaupasua. Ule mlio ulitoka wapi? Hapo ndipo waliposhikana mashati.

Besi alikula kiapo kwamba kipaza sauti cha besi kiliharibika studio, kikawa kinanguruma chenyewe, na mpiga gitaa akautunga wimbo palepale juu ya ule mngurumo. Kinyozi alisema hapana, mpiga gitaa alikuwa ananyolewa, akausikia wimbo kwenye mashine ya kunyolea, akatoka nusu kichwa amenyolewa nusu bado, akakimbilia gitaa lake. Mwalimu naye alisema wote wawili wanatafuta ugali chooni: mlio ule ni wa wanawake waliokuwa wakimlilia mama wa mpiga ngoma, midomo imefungwa. Mama Pacha aliyasikia hayo yote kupitia ukuta wa jikoni, maana duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Aliyachukia. Mara ngapi alipiga sufuria kwa mwiko ili wapunguze sauti.

"Shemeji," alimwambia Kinyozi, "nataka mje nyumbani mbishane."

Kinyozi alizima mashine. Mteja kwenye kiti aligeuza kichwa kusikiliza. "Tubishane na nani, shemeji? Yeye ndiye aliyekuwa anatuwasha."

"Mumuudhi. Mseme uongo mkubwa kuliko wa siku zote. Mimi nimembembeleza nimeshindwa. Labda hasira italitoa neno."

Walikuja kesho yake jioni, Kinyozi amevaa shati la kwenda kuona mgonjwa, Mwalimu ameleta machungwa. Waliketi mbele ya Besi. Kinyozi akakohoa, akasema kwa upole kwamba, kwa maoni yake, bila kumkosea mtu heshima, wimbo huenda ulitokana na mashine ya kunyolea. Mwalimu akasema hilo nalo lina uzito wake. Besi akakubali kwa kichwa. Kinyozi alipoona rafiki yake anakikubali kitu alichokikataa maisha yake yote, aligeukia dirisha, mabega yakamtikisika.

"Mbona mnaongea kama mko msibani?" Mama Pacha aliuliza.

"Siwezi, shemeji," alisema Kinyozi. "Nimwinulie sauti mtu aliye katika hali hii? Siwezi."

"Jumapili wanamchukua."

"Nimesikia. Siwezi."

Jumamosi walirudi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na miguu yao haikujua pengine pa kwenda. Kinyozi aliuweka wimbo kwenye redio ya mezani. Mlio ukaanza, mmm, na vidole vya mkono wa kushoto vya Besi vikasogea juu ya goti. Wimbo uliisha, Mwalimu akaanza kumenya chungwa, na Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni, maji yamemfika shingoni, akajikuta ameingia katikati ya chumba.

"Wimbo gani huu mnaoupotezea maisha?" alisema. "Ule mlio si besi, si mashine, si kilio. Ni redio mbovu. Walirekodi kwenye vyombo vibovu, wakaacha uchafu humo ndani, na nyinyi majuha mkauabudu."

"Shemeji," Kinyozi alisema taratibu.

"Wimbo wenyewe hawakuutunga wao. Waliununua kwa wanajeshi walevi. Na fundi yeyote wa maana angesikia mara moja kwamba ile ni waya iliyokatika. Huyu miaka yote hakusikia. Fundi gani huyo?"

Kinyozi alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hapo umevuka mpaka. Mume wako anakifahamu kile kipaza sauti kuliko unavyolifahamu jiko lako. Alikifungua cha aina ileile, akanionyesha. Ile koili ndogo ya nyuma, ya waya uliozungushwa, ikipata joto—"

"Koili ya nyuma, koili ya mbele, wewe unajua nini zaidi ya nywele?"

"Najua alichonifundisha!" Kinyozi alikuwa anapiga kelele sasa, akimtetea mtu aliyempinga nusu ya umri wake, na mate yalimruka. "Wimbo ulianzia kwenye besi. Haya, nimesema. Ulianzia kwenye besi, ile koili ya nyuma ikapata joto, ikaanza kunguruma."

"Uongo," alisema Besi.

Chungwa lilimtoka Mwalimu mkononi. Sauti ilikuwa nzito, yenye kutu, lakini ilikuwa yake. Mama Pacha alipiga magoti mbele ya kiti. "Sema tena, baba. Nani mwongo? Mimi?"

"Uongo," alisema Besi, akamtazama, kisha akamtazama Kinyozi.

Walibaki wakikisia alimkusudia nani. Kinyozi alisema labda koili si ya nyuma, labda alikosea. Walicheka na kulia kwa pamoja, wakamkumbatia mgonjwa mpaka akawasukuma kwa mkono wake mzima. Mama Pacha alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mumewe aanguke.

Asubuhi alimwogesha, akamvalisha shati la kola. "Utakunywa chai?" alimuuliza, akitabasamu.

"Uongo."

"Hutaki? Basi maziwa."

"Uongo."

Akampa kikombe hata hivyo, naye akanywa chai yote. Tabasamu la Mama Pacha lilikufa polepole. Alimuuliza jina lake mwenyewe. Uongo. Alinyoosha kidole kwenye dirisha, kwenye redio, kwenye uso wake mwenyewe. Uongo, uongo, uongo. Kila lilipotoka, Besi mwenyewe alishtuka, kana kwamba aliandaa neno jingine na hili likawahi mlangoni. Aliacha kujaribu, akajiuma mdomo.

Gari liliingia baada ya saa sita, godoro limefungwa juu. Wifi aliingia akavua viatu, akambusu ndugu yake kichwani, akamwangalia mikono, kucha, shingo, kama anayekagua kitambaa. Vyote vilikuwa safi.

"Amesema neno jana," Mama Pacha alimwambia. Alijua anachokifanya, na aibu ilimwaka usoni. "Muulize mwenyewe."

Wifi aliketi mbele yake. "Ndugu yangu, twende kwangu?"

"Uongo," alisema Besi.

Mama Pacha alishika ukuta. Kwa muda mfupi alidhani imetosha. Lakini wifi alikuwa mtu wa biashara, hakununua kitu kwa kukiangalia upande mmoja. "Unataka kubaki hapa, kwa mkeo?"

"Uongo."

Wifi alimtazama ndugu yake, kisha wifi yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Ni hilo moja tu alilonalo?"

"Ni hilo moja."

"Na ulitaka nidanganyike nalo."

"Ningefanya nini, wifi? Niambie wewe ungefanya nini."

Wifi aliinuka. Aliita dereva. Walimwinua Besi, dereva upande uliolala, wifi upande mzima, Mama Pacha akifuata nyuma na mfuko wa dawa na nguo, kwa sababu hata sasa hakutaka aende bila soksi. Walipofika mlango wa mbele, Besi alitoa mkono wa kushoto begani kwa dada yake, akaushika mwimo wa mlango.

"Achia, ndugu yangu," alisema wifi.

Hakuachia. Dereva alivuta kidogo, mwili mzima ukayumba, mkono ukabaki palepale. Hakusema lile neno. Alifumba mdomo na macho, jasho likimtoka, akashika.

Wifi alianza kumfungua vidole. Alikiondoa cha mwisho, kile kidogo, kikarudi. Alikiondoa cha pili, akakizuia kwa kiganja, naye Besi akatoa sauti ndogo kooni ambayo haikuwa neno. Wifi alisimama hivyo kwa muda, vidole vya ndugu yake ndani ya mkono wake. Kisha akaviachia, vikarudi kwenye mbao.

"Shusha godoro," alimwambia dereva. "Litabaki hapa. Lao limekwisha." Akavaa viatu. Mlangoni alimwambia Mama Pacha bila kumtazama, "Ukimwacha na yule jirani tena, sitauliza mtu. Nitatuma binti yangu mmoja akae nanyi. Akisema hawezi, narudi na gari."

"Sawa, wifi."

"Si sawa. Lakini basi."

Gari liliondoka. Mama Pacha alileta kiti, akakiweka nyuma ya magoti ya mumewe, akamkalisha palepale kizingitini. Mkono ulikuwa bado umeshika mwimo. Alimwambia wamekwisha kwenda, haendi popote, anaweza kuachia. Alimsugua kiganja, alimpulizia vifundo vilivyokuwa vyeupe. Hakuachia. Watu walipita barabarani wakitoka sokoni, wakawasalimia, naye akawajibu kwa niaba ya wote wawili, akiendelea kusugua.