Ngazi za Marehemu

Rungu la kwanza lilimpata Mshona Viatu begani. La pili lilivunja gongo lake vipande viwili kabla hajamaliza tusi alilokuwa ameanza. Alianguka chali juu ya mteremko wa zege, pale pale mbele ya mlango wa hospitali, na hata akiwa chini alilimalizia tusi lake, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

"Mama yako anajua unapiga vilema?" alimuuliza askari.

Askari akampiga tena, safari hii mdomoni.

Fundi Geti aliyaona hayo akiwa ameikumbatia reli ya mteremko kwa mikono yote miwili. Reli ile aliichomelea mwenyewe, kiungo kwa kiungo. Nyuma yake tingatinga lilikuwa linanguruma, sepetu lake limeinuliwa juu kama mtu anayetafuta pa kupiga. Lilikuwa limeshamega kona moja ya mteremko, na vyuma vya ndani vilichomoza nje kama mbavu. Amri ilikuwa mteremko wote ung'olewe kabla ya saa sita, ili ngazi mpya za marumaru zilizojengwa kando yake zionekane zote toka barabarani. Mgeni wa heshima alikuwa njiani kuja kukata utepe.

Na hizo ngazi zilijengwa kwa heshima ya nani? Hapo ndipo Fundi alipotaka kutafuna chuma. Zilikuwa za mkewe. Jina lake lilichongwa kwenye marumaru kwa maandishi ya dhahabu, na chini yake: Mwigizaji na Mtetezi wa Walemavu. Mwanamke aliyemaliza maisha yake juu ya magurudumu! Wakubwa walikaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, wakanywa chai, wakatazamana, wakaona zawadi inayomfaa ni ngazi.

"Wangempa na viatu vya mpira," Mshona Viatu alikuwa amesema jana yake. Wote walicheka, kasoro Fundi.

Enzi zake mkewe alikuwa fundi wa kufa. Jukwaani alikufa kwa sumu, kwa kisu, kwa kusukumwa gorofani, kwa mapenzi. Alikufa sana hadi watu wakambandika jina la Marehemu, wakawa wanamsalimia njiani, "Marehemu, umeamkaje?" naye akiwajibu, "Mzima wa afya, sijui nyinyi." Kisha siku moja, katikati ya onyesho, dari la ukumbi lilimshukia mgongoni. Meneja alikuwa ameambiwa mbao zimeoza, akasema zitavumilia. Watazamaji walipiga makofi, wakidhani leo amekufa vizuri kuliko siku zote.

Alipofikishwa hospitali hii, hapakuwa na njia ya kuingia ila ngazi. Alipandishwa mgongoni kama gunia, na kila kliniki ikawa hivyo hivyo, mpaka siku aliyokataa. Aliwakusanya walemavu wenzake kwenye uwanja wa karakana ya mumewe, katikati ya mageti yaliyongoja rangi, akawafundisha kazi aliyoijua.

"Mtu hai ni mwepesi," aliwaambia. "Anajikaza, anakupa pa kumshika. Maiti ndiyo nzito. Ukitaka wasikutoe mlangoni, kufa. Achia shingo, achia taya. Fumba macho kabisa. Vuta pumzi kwa pua, taratibu."

Fundi alijaribu naye, akashindwa. Kila akilala alicheka. "Wewe mume wangu utakufa vibaya," Marehemu alimwambia.

Walikwenda wakafia mlangoni, wakapigwa, wakarudi tena wakafa, mpaka wakubwa wakachoka kuaibika na mteremko ukajengwa. Mwenyewe alikuja kufa kweli ndani ya hospitali hiyo hiyo, akingoja lifti impeleke juu kwenye chumba cha upasuaji. Lifti ilikuwa mbovu na wa kuitengeneza alikuwa semina. Waliomfanyia hivyo ndio hao hao waliochonga jina lake kwa dhahabu.

"Shemeji, ondoka kwenye reli, watakuvunja vidole!" Mama Sabuni alimpigia kelele. Yeye aliuza sabuni nje ya geti la hospitali juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na Marehemu alikuwa kama dada yake wa tumbo moja. Aligeuka akawatazama wenzake waliojaa mteremko mzima, akavuta pumzi.

"Kufeni!"

Wakafa. Waliokuwa na magongo waliyatupa, waliokuwa kwenye viti walijimwaga chini, na mwenyewe Mama Sabuni alijibwaga toka kwenye baiskeli akatua kifudifudi. Mteremko ukawa umetandikwa watu.

Msimamizi wa mradi, kijana wa tai nyekundu na kofia ya plastiki ambayo haijawahi kuona vumbi, aliangalia saa yake. "Afande, niondolee hii michezo. Mgeni ameshavuka daraja."

Kamanda wa askari wa jiji alikuwa pande la mtu. "Nawajua hawa," alisema. "Wanafunzi wa yule mama. Wanaigiza. Pigeni mpaka waamke."

Marungu yalishuka. Yalilia kwenye migongo, kwenye viuno, kwenye nyayo za watu ambao nyayo zao hazikuwa na hisia kwa miaka. Askari wanne walimbeba kijana mmoja mwembamba aliyeishi kwa kufuga kuku, akawaponyoka kama unga wa ngano uliolowa, akawaangukia miguuni. Mmoja aliteleza kwenye damu, akakaa chini. Mama Sabuni alikanyagwa mkono na hakutoa hata mguno. Damu ilichirizika kwenye mifereji midogo iliyochorwa kwenye zege ili magurudumu yasiteleze.

Fundi alitazama na taya zake zimekaza. Ndipo jicho lake lilipomfikia Mshona Viatu. Wenzake wote walikuwa wamefumba macho. Yeye yalikuwa nusu wazi, meupe, na povu jekundu lilimtoka puani.

"Acheni!" Fundi alipiga kelele. "Huyu haigizi! Huyu anakufa kweli!"

"Kweli kabisa," Kamanda alicheka. "Wamefunzwa vizuri." Akainua rungu juu ya kichwa cha Mshona Viatu.

Kwenye kifusi palikuwa na nyundo kubwa ya kuvunjia. Fundi hakukumbuka kuiokota. Alijikuta ameshaizungusha, na sauti ya kifundo cha mkono wa Kamanda kikivunjika ilisikika juu ya mngurumo wa tingatinga, kavu kama ubao. Rungu likadondoka. Kamanda alilia sauti nyembamba isiyofanana na mwili wake.

Wakamvamia. Alipigwa mbavuni, akapigwa gotini, akapigwa usoni na buti hadi mdomo ukajaa chumvi na meno. Alipinda, akajikaza, akarusha ngumi, na kila alipojikaza walipata pa kumshika, wakamburuta kuelekea gari lao. Sepetu la tingatinga likaanza kushuka.

Hapo akaachia. Shingo, taya, mikono, vyote. Safari hii hakucheka. Mwili wake ukawa mzigo, ukawaponyoka, ukabiringika mpaka chini ya sepetu, ubavuni pa Mshona Viatu, na hapo ukabaki. Walimvuta mguu, hakuja. Mmoja wao, pumzi zimemwishia, alimfunga pingu kwenye reli ili walau asiinuke na ile nyundo. Hakujua kwamba amemsaidia.

Tingatinga likazimika.

"Wewe dereva!" Msimamizi alifoka. "Nani kakwambia uzime? Ushushe hicho kijiko au ushuke utafute kazi nyingine!"

"Nimeshashuka, bosi," dereva alisema, na kweli alikuwa ameshakanyaga chini. Ufunguo aliutia mfukoni mwa ovaroli. "Mimi niliambiwa kuna zege la kuvunja. Sikuambiwa kuna watu." Akaondoka zake kwa miguu kuelekea barabarani.

Wauguzi wawili walitoka mbio na machela ya magurudumu. Msimamizi alitaka kuwaelekeza kwenye ngazi, yule mkubwa wao akamtazama mara moja tu. "Machela inapanda ngazi, baba? Pisha!" Walimpakia Mshona Viatu, na askari wawili waliokuwa wanampiga ndio muuguzi aliowaamuru wasukume. Walisukuma kwa vichwa vilivyoinama, waliolala wakijisogeza kando kuwapisha, magurudumu yakipiga kelele juu ya damu. Baadaye daktari alisema jicho la kushoto halitaona tena, ila ataishi.

Mgeni wa heshima alipita na gari lake, akaona waliolala, hakuteremka.

Fundi alikuwa bado amefungwa kwenye reli, jicho moja limevimba hadi kufunga, alipomwona Kamanda akija na mkono wake umening'inia. Kamanda alitaka kuingia hospitali kwa njia ya mteremko. Mama Sabuni alikuwa amesharudishwa kwenye baiskeli yake, akaisogeza mpaka ikaziba mteremko wote.

"Nipishe, mama, nimevunjika," Kamanda aliomba.

"Pole, afande." Alinyoosha kidole kilichochubuka kuelekea kwenye marumaru. "Ila wewe miguu unayo. Pita ngazini."