Waya wa Kiti cha Nyuma

Gari jeupe liliingia uani kwa Mama Taa saa nane mchana, likisukumwa na wapita njia wanne walioambiwa wasukume, wakasukuma. Kabla halijasimama sawasawa, wateja wawili waliokuwa wakizungumza kwenye benchi walikumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine. Mmoja aliacha gari lake boneti ikiwa wazi.

Mama Taa alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka kumi na tisa. Jina lilitokana na taa yake ya kupimia, kijitaa chenye sindano mbele na waya mkiani, ambacho hakuwahi kumwazima mtu. Siku hiyo alikuwa nacho mkononi tangu gari lilipokata kona.

Walishuka wawili: dereva, na mtu mwembamba ambaye dereva alimwita Mkubwa. Mkubwa alisalimia vizuri, akauliza bomba liko wapi, akanawa mikono, akakaa kwenye benchi.

"Simu yako weka hapa," alisema, akipapasa ubao kando yake, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Mama Taa akaiweka.

"Mafuta hayafiki kwenye injini," dereva alisema. "Tangi limejaa, lakini gari haliwaki. Hii ni mara ya tatu tangu Jumatatu."

"Saa kumi tunatakiwa tuwe tumeondoka," Mkubwa akaongeza. "Kuna mama tunakwenda kumchukua."

"Anawasubiri?" Mama Taa aliuliza. Ulimi ulikuwa umemponyoka.

"Anatusubiri, ila hajui," dereva alisema, akacheka peke yake.

Mama Taa alilijua gari lile. Miezi minne nyuma, mume wa mdogo wake, mpima ardhi, alikuwa ameingizwa ndani yake mbele ya watu kumi na mmoja, baada ya kukataa kutia sahihi ramani iliyoukata uwanja wa shule nusu. Mdogo wake alipokwenda kuuliza ofisini kwa wenye gari hilo, alijibiwa kwamba mtu wa namna hiyo hawamjui, na kwamba ofisi haina gari jeupe.

Alianza kazi kama anavyoianza siku zote, kwa sababu kazi ndiyo iliyomzuia kukimbia. Alifungua swichi na kutega sikio. Pampu nzima hunguruma kidogo, sekunde mbili hivi, halafu hunyamaza. Hii haikunguruma. Alipima fyuzi, taa ikawaka upande huu na upande ule. Alichomoa rilei ya pampu, kile kiswichi kinachoipitishia umeme, akaweka ya honi mahali pake, akasikia ikigonga. Umeme uliingia kwenye rilei na kutoka. Waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ulikuwa mzima. Basi alijua kwamba umeme unatoka mbele salama na unapotelea njiani, na njia yenyewe inapita chini ya zulia hadi kwenye kiti cha nyuma, juu ya tangi.

Dereva alikuwa amevuka barabara kununua sigara. Mkubwa alikuwa akisoma karatasi zake. Mama Taa aliingia nyuma, akapiga magoti, akaking'oa kiti.

Shemeji yake alikuwa amekaa pale, kati ya bati na tangi, mahali ambapo hata mkoba haungeenea. Alikuwa amejikunja magoti kidevuni, na shati lake lilikuwa lile lile la siku ile, limetoka vifungo viwili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika waya wa pampu.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Hamjambo?"

"Hatujambo, shemeji."

"Na mtoto?"

"Ameota meno mawili. Ya chini."

Shemeji yake aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika jambo mahali asilisahau.

"Uko hai?" Mama Taa alinong'ona.

"Hilo hawakuniambia."

"Huo waya hauumi?"

"Volti kumi na mbili hizi. Mkono unawasha tu, kama umekalia siafu." Alibadilisha vidole bila kuuachia. "Niliwasikia wakisema wanakwenda kumchukua mama wa fotokopi. Mimi ndiye niliyempelekea ramani anitolee nakala. Nikaona niushike."

Mama Taa alimjua mama wa fotokopi. Duka lake lilikuwa dakika kumi kwa gari, karibu na posta, na yeye alikuwa mtu wa kukupa karatasi ya ziada bila kuiomba. Simu ilikuwa kwenye benchi, chini ya kiganja cha Mkubwa.

Alirudisha kiti, akajifuta jasho kwa kitambaa cha grisi, akasimama mbele ya benchi. "Pampu haipati umeme. Waya umeharibika ndani ya bodi. Itabidi kufumua gari zima. Siku tatu."

"Si unaweza kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri?" dereva aliuliza. Alikuwa amerudi na sigara masikioni, moja kila upande. "Mimi nimewahi kukaa gereji. Moja kwa moja, betri hadi pampu. Nusu saa tu."

Mkubwa alimtazama Mama Taa. Alimtazama hivyo mpaka fundi mwenyewe akaenda kuchukua waya.

Aliuvuta polepole kuliko alivyowahi kuvuta waya wowote. Aliupitisha chini ya gari, akaupandisha kwenye tundu la sakafu, akauleta hadi kwenye pampu, akijua kwamba shemeji yake ana mkono mmoja tu usio na kazi, na huo ulikuwa umevunjika. Hakuweza kumtazama usoni. Alipounganisha ncha, mkono mwingine ulitoka gizani nyuma ya tangi, wa kijana, kucha zimeng'olewa, ukaushika waya mpya. Akavuta wa pili. Ukatoka mkono wa mwanamke mwenye alama ya saa kwenye kifundo. Taa ya kupimia haikuwaka hata mara moja.

"Bado?" Mkubwa aliita.

"Bado."

Mkubwa alikuja mwenyewe. Aliinama, akatazama chini ya kiti kwa muda, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Wale wa ndani walimtazama pia. Walikuwa wengi kuliko mikono iliyoonekana.

"Hawa tena," alisema. "Hata gari lile la kwanza walilifanya hivi hivi." Akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Halafu akamgeukia Mama Taa. "Kuna unayemfahamu hapa?"

Alisikia maji yakidondoka bombani. Akilini alimwona mdogo wake akirudi peke yake kutoka ofisini na kiatu kimekatika. Alimwona mtoto na meno yake mawili.

"Hapana," alisema. "Simfahamu yeyote."

"Mimi pia simfahamu huyu fundi," shemeji yake alisema kutoka chini, bila kuulizwa, na akatazama pembeni ili asimwone Mama Taa akilia.

Mkubwa alionekana kuridhika. Alirudi kwenye benchi, akapiga simu. "Leteni lile kuukuu la dizeli," alisema. "Ndiyo, lile. Pampu yake inazungushwa na injini, haina waya." Akamrudishia Mama Taa simu yake baada tu ya gari la dizeli kufika, likitoa moshi, na wao kukaa ndani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Mama Taa alipiga simu dukani kwa mama wa fotokopi. Iliita, ikaita. Alipopiga mara ya nne ilipokewa na mwanamume, ambaye alisikiliza tu Mama Taa anavyopumua. Mama Taa akakata, akaizima, akakaa chini juu ya tairi.

Gari jeupe hawakurudi kulichukua. Jioni alimwambia mdogo wake yote, pamoja na lile neno alilolisema. Mdogo wake hakumlaumu. Aliuliza tu kama shati lina vifungo. Jumamosi alikuja na mtoto, sindano na uzi, na tangu hapo huja kila Jumamosi. Hukaa mlangoni mwa gari, akashona au akasimulia, na mtoto hushika vidole vya baba yake visivyoshika waya. Wengine nao walianza kuja, kila mmoja kumwona mtu wake, na Mama Taa aliongeza benchi. Mdogo wake alikwenda tena ofisini kueleza kwamba mume wake yuko chini ya kiti cha gari lao. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika kwamba gari ni bovu, akamwomba apishe mwingine.

Wiki ya sita gari la dizeli liliingia uani. Taa moja ya mbele ilikuwa haiwaki. Dereva alikuwa peke yake, na alikaa benchi ya mbali, akiwapa mgongo waliokuja kuona watu wao. Mama Taa alitengeneza taa kwa dakika tano. Halafu, ingawa hakuna aliyemwambia, alifungua mlango wa nyuma, akainua kiti.

Mama wa fotokopi alikuwa amekaa pale, wino bado kwenye vidole.

"Nimeutafuta waya," alisema. "Hamna."

Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu. Mama Taa alimsogezea kitambaa akalie, akarudisha kiti mahali pake, akamwambia dereva gari liko tayari.