Wino Uliopanda Mlimani

Justa alikuwa akichambua maharage uani kwake Bombo alipouona msafara wa wapagazi ukipanda kutoka upande wa Gonja. Kila mmoja alikuwa na kasha kichwani, na wote walitembea kwa hadhari kama watu waliobebeshwa mayai. Mbele yao alitangulia kijana aliyevaa tai, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Gideoni, karani wa Ofisi ya Matangazo kule Same. Nimeleta wino."

"Marahaba. Wino wa nani?"

"Wa serikali."

Gideoni akaeleza. Ulikuwa wino mzito, mweusi, wa mashine ya kurudufu matangazo, nao ulitiwa kwenye mirija ya bati. Joto la Same lilikuwa limeutesa. Ikifika adhuhuri stoo ya ofisi ilikuwa tanuru, mirija ikivuja, na stensili, zile karatasi za nta za kuchapia, zikigandana kama chapati zilizosahauliwa. Bwana Pengeli, mkuu wa ofisi, alikuwa amesoma maelekezo ya kiwandani yasemayo kwamba wino ukae mahali penye baridi na giza. Akamtuma mtu na kipimajoto apime wilaya nzima. Hakuna mahali palipopatikana penye baridi na giza kama chumba cha kulala cha Justa.

"Yule aliyetundika kijiti cha kioo juu ya kitanda changu?" Justa akashangaa. "Nilidhani ni bwana afya, anatafuta mbu."

Mumewe, Eliamini, alifurahi mno. "Mama Esta, serikali imekuja kulala kwetu! Unadhani hilo humpata kila mtu?"

Kitanda kikatolewa, makasha yakaingia. Pamoja nayo yakaingia masharti. Mirija ilazwe, isisimamishwe. Vifuniko vikazwe. Ulioingia kwanza ndio utoke kwanza. Vumbi lisiuguse, jua lisiuone, na moto usiwashwe karibu. Justa akahamishia mafiga uani. Upepo ukarudisha moshi dirishani, akayahamishia nyuma ya migomba. Eliamini naye akawa anakwenda kuvutia kiko chake kwa jirani yao Hedwiga, ambaye alichukia tumbaku kuliko nyoka.

Kisha akaletwa askari, Hamisi, alinde wino usiibwe. Hakuna mtu Bombo aliyejua mwizi angeufanyia nini. Baridi ya Juni ilipokaza, Hamisi akaingia kulala katikati ya makasha, na kipimajoto kikapanda. Gideoni alipokuja kukagua, alikitazama, akamtazama na Hamisi.

"Mwili wako una joto."

"Mimi ni mtu hai, bwana."

"Ndilo tatizo lenyewe."

Hamisi akahamishiwa sebuleni. Lakini sebuleni walikuwamo pia Justa na Eliamini, na pumzi za watu watatu, alisema Gideoni, zinapenya ukuta wa udongo. Basi wenye nyumba wakahamia banda la mbuzi. Usiku wa kwanza Eliamini alilala akiwa ameegemewa na beberu, akasema ni kwa muda tu. Justa alikuwa akisikiliza Hamisi anavyokoroma ndani ya nyumba yake.

Haja ya tangazo ikaja: ng'ombe wote wa tambarare wapelekwe kuchanjwa. Mirija ikateremshwa mpaka Gonja, ikapakiwa kwenye lori, na ilipofika Same wino wote ulikuwa umevujia miguuni mwa dereva. Bwana Pengeli akawaza, akaamua kwamba kama wino hauwezi kushuka, basi mashine ipande. Mashine ikapanda kwa kamba na nyimbo, ikawekwa sebuleni, na Gideoni akahamia nayo. Hamisi akatolewa akalinde barazani.

Tangazo la kwanza kutoka kwenye mashine hiyo halikuwa la ng'ombe. Lilibandikwa kwenye mlango wa Justa, naye akalisoma taratibu, kidole juu ya kila neno: NI MARUFUKU KUWASHA MOTO, KUVUTA KIKO AU KUKAA BILA SABABU NDANI YA STOO YA WINO, BOMBO.

"Gideoni mwanangu," akasema, "mimi sababu yangu ya kukaa humu ni ipi?"

Gideoni akakuna kichwa. "Hapo, mama, sijaelekezwa."

"Na ile stoo ya Same sasa ina nini?"

"Haina kitu. Ila Chande, mshika funguo, anaifungua kila asubuhi na kuifunga kila jioni. Ndiyo kazi yake."

Justa akakunja mikeka. Eliamini aliuliza wanakwenda wapi, akaambiwa ashike sufuria.

Siku iliyofuata Bwana Pengeli alisikia harufu ya vitunguu, akaifuata mpaka kwenye ile stoo tupu ya Same. Akawakuta: mikeka imetandikwa, kiko kinatoa moshi, mama mtu mzima anakoroga sufuria.

"Hii ni stoo ya serikali!" akafoka.

"Hapana, bwana," Justa akasema kwa upole. "Stoo iko Bombo. Tangazo lenu liko mlangoni kwangu. Hiki ni chumba tu."

Bwana Pengeli aliliandika tangazo lile yeye mwenyewe. Akaamuru papo hapo litolewe jingine la kumwondoa mwanamke huyu. Ikabidi tarishi alipeleke Bombo likachapwe, na mvua zikakata njia.

Tangazo lilirudi wakati mihogo aliyoipanda Justa nyuma ya ofisi ikiwa imeshachanua majani. Bwana Pengeli alilishika kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku. Herufi zilisimama wima, nyeusi tititi, bila doa. Tangu aje Tanganyika hakuwa ameona chapa safi namna ile. Macho yakamlengalenga. Akaagiza litiwe fremu, akalitundika ofisini juu ya kiti chake, na kila mgeni alionyeshwa. Hakuna aliyewahi kulisoma.

Justa akakaa. Alipata meza sokoni, akauza tangawizi aliyoletewa na Hedwiga kutoka mlimani. Eliamini alilalamikia joto, akaulizwa kama angependa kurudi kwa beberu, akavua shati. Asubuhi Chande alikuja na funguo zake, akapiga hodi, akawafungulia mlango, akaketi kunywa uji. Jioni aliwafungia kwa nje. Hilo Justa hakulipenda, akamwambia atoboe tundu la funguo upande wa ndani pia. Chande akasema atalifikiria.