Jani Kutoka Jikoni kwa Lempi

Theluji ilikuwa imeziba madirisha ya mji wa Duluth, na Aili Kantola alikuwa katika chumba cha chini ya nyumba, akimwagilia begonia zake chini ya taa za mirija. Juu Januari iliuma. Huku chini maua yalichanua mekundu bila wasiwasi.

Miche mitatu ilitokana na jani moja alilopewa na mdogo wake, Lempi. Alilichanja mishipa, akalilaza juu ya udongo wenye unyevu, wala hakusema ahsante, maana kwao husemwa ukimshukuru mtu kwa mche, haushiki mizizi. Ikashika. Ilipotoa majani, yaliyopinda upande mmoja kama sikio, ikaanza kusema yaliyokuwa yakisemwa jikoni kwa Lempi wakati uleule, kwa sauti zilezile. Aili akapunguza redio asikie vizuri.

Mwanzoni ilikuwa porojo tu: kahawa chungu, Toivo, mume wa Lempi, anakoroma kama trekta. Aili alicheka peke yake. Kisha Jumanne moja Lempi akamwambia Toivo, "Mama alimlilia Aili mpaka mwisho. Nikamwambia Aili kakataa kuja."

Kopo la maji likamponyoka Aili. Jamani! Miaka yote hiyo aliambiwa na Lempi kwamba mama ndiye aliyekataa kumwona! Akaketi juu ya gunia la mboji. Mumewe, Wendell, akashuka na tambara.

"Umemsikia huyo?"

"Nimemsikia. Kikulacho ki nguoni mwako, mke wangu. Inua miguu nipanguse."

Jumapili Lempi akaja na mkate wa iliki, akashushwa chini aione miche. Ilikuwa kimya, kwa kuwa jikoni kwake hakukuwa na mtu wa kuzungumza.

"Mama aliniita, Lempi?"

Lempi akaligeuza jani moja. "Dada nawe! Mambo ya kale hayo. Halafu umeimwagia maji mno."

"Nakuuliza, aliniita?"

"Kahawa inapoa huko juu."

Akanywa vikombe viwili, akaenda zake. Aili akarudi chini, akasubiri. Punde mlango wa Lempi ukasikika kwenye majani, na buti zikikung'utwa theluji.

"Dada kajua," alisema Lempi.

"Umemwomba radhi?" Toivo akauliza.

"Ili iweje? Mama alishakufa akiamini."

Aili alilia kwa sauti. Kisha akazigeuza trei, maana miche ilikuwa imeanza kuelemea upande mmoja, ikiufuata mwanga wa taa.